Kikombe Ulichokifudikiza

Mwanangu,

Namba yangu umeifunga, na ndugu zako wananiambia likitajwa jina langu unanyamaza. Basi nakuandikia huku huku unakoandika wewe. Watakaosoma na wasome.

Makala yako ya "kizazi kilichouza mji" imezunguka vikundi vyote vya Amu, Lamu yetu. Muuza mikate ya mofa alinionyesha kwenye simu yake, akaniuliza, "Mwalimu, huyu si wa kwenu?" Jina hukulitaja, kweli. Lakini nyumba ya mtaa wa Mkomani, mlango wa nakshi, Mzungu wa juu darini na khalati, dada wa mama, aliyetia sahihi ya kuuza: hapo umebakisha nini?

Umeandika vizuri, hilo silifichi. Ninayajua maandishi yako tangu ulipokuwa ukiandika "mbwa" kwa herufi tano. Umemleta Karl Mannheim, yule mwanasosholojia, nami nikamtafuta nikamsoma, maana mwalimu hata akistaafu hawezi kuona kitabu kimenukuliwa akakiacha. Ulichosema amekisema kweli, mwaka 1928: watu hawawi kizazi kimoja kwa kuwa tu wamezaliwa miaka ya karibu. Kinachowafunga ni tukio linalowakuta wangali wabichi, kama miaka 17 hivi, akili inapoanza kuuliza yenyewe. Lakini ukurasa wa pili umeuruka. Anasema pia kuwa tukio moja huwagawa watu wa rika moja makundi yanayopingana, na bado wote ni kizazi kimoja. Kwa hiyo hakuna "kizazi kilichouza". Wako waliouza, wako waliohama wakafunga mlango, na wako waliokaa mpaka dari ikawaangukia.

Wewe miaka yako 17 ilikukuta baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, huku bara ya Lamu. Juni 2014 watu waliuawa kule, ikafuata amri ya kutotoka usiku, wavuvi wakakatazwa bahari ya usiku. Nakumbuka nyavu za baba yako zilivyokaa ukutani hadi panya wakazalia humo. Nakumbuka na wewe ulivyohojiwa juu ya kitambulisho, mara cheti cha babu, mara mzee wa mtaa, kama kwamba umeshuka kwenye jahazi jana. Kuona uchungu ni haki yako. Tarehe 25 Juni 2024, vijana walioandamana walipoingia Bungeni Nairobi na simu yako haishiki, nilishinda juu ya mswala. Sikusema watoto wameharibika. Wanawake wenzangu walisema, mimi nikawanyamazisha.

Sasa na mimi nilikutwa na nini? Nilikutwa na Mkomani inahamwa. Wanaume wako Mombasa, wako Uarabuni, nyumba zimebaki na vikongwe na popo. Baba yangu alinipa nyumba ile nilipoolewa, kama ilivyokuwa desturi yetu: binti hupewa nyumba, mume ndiye anayehamia. Ilikuwa yangu. Haikuwa ya bibi yako, haikuwa ya urithi, na mama yako alipewa yake, akaiuza kabla yangu wala hakuna aliyemwandikia makala. Mwaka 2001 UNESCO wakautia mji wa kale kwenye orodha ya urithi wa dunia. Tukapiga vigelegele. Lakini heshima ile haikuja na fundi. Ukuta wa mawe ya matumbawe unataka chokaa, dari inataka boriti za mikoko, na huwezi kubandika mabati ukaita umekarabati. Mvua za masika nililala nimeweka masufuria kitandani. Niambie ningefanyaje. Na ada yako ya Nairobi, kwani uliwahi kuuliza ilikuwa ikitoka wapi?

Haya ningeyasema uso kwa uso siku ile ungenipa nafasi. Siku ya tatu ya matanga ya bibi yako wanaume walikuwa barazani wakisoma hitima. Nilikuwa nyuma ya pazia la mlango, nimempa mtoto dele aanze kumimina kahawa kwa walio karibu. Akakujia wewe. Ukakipokea kikombe kwa mkono wa kulia, nikasema moyoni alhamdulillahi, amekuja na adabu zake. Ukakitazama. Kisha ukakifudikiza juu ya sinia, kimejaa, ukasema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni: "Bibi amefia nyumba ya kupanga. Waulizeni walioila nyumba yake." Kahawa ikatambaa kwenye sinia kuelekea juzuu. Mzee aliyekuwa kando yako akaziwahi kwa mkono wa kanzu. Kanzu nyeupe. Hakukwambia neno, akaendelea kusoma pale alipoachia, na lile doa hadi anaondoka lilikuwa mkononi.

Nilisikia maneno mengi mwaka ule. Lakini mkono ule wa kanzu siusahau, na wewe kwenye makala hukuuandika.

Mwanafalsafa Max Scheler naye unamjua, maana umemtaja kwa kupita. Yeye mwaka 1912 aliandika juu ya kinyongo, kile cha mtu anayetaka kulipiza na hana uwezo, basi anakimeza kikamchachia ndani. Anasema hukua zaidi pale sheria inapowaambia watu kuwa wako sawa, na maisha yanawaonyesha kila asubuhi kuwa hawako sawa. Hiyo si Amu yetu? Tuna Katiba ya 2010. Tuna hukumu ya Mahakama Kuu ya 2018 kwamba wavuvi walioumizwa na bandari mpya ya Lamu walipwe zaidi ya shilingi bilioni 1.7. Gati la kwanza likafunguliwa 2021, na meli zikipita baba yako anazitazama kutoka ufukweni. Hasira hiyo ina wenyewe, mwanangu, na anwani zao zinajulikana. Ila wao wako mbali, wana walinzi. Khalati yuko karibu, hana hata kufuli ya maana. Ndiyo maana nikapigwa mimi.

Jambo jingine. Siku hizi unajiandika "Mbajuni" peke yake. Jivunie kwa baba yako. Watu wake waliacha mashamba yao bara wakati wa vita vya shifta, miaka ya 1960, wakakimbilia visiwani, Malindi na Mombasa, na wengi hawajarudi hadi leo. Lakini wewe umelelewa Mkomani, kwenye ua wa nyumba hiyo hiyo unayoililia. Umeandika kuwa waungwana wa Mkomani walimchukia yule sharifu, Habib Saleh, alipokuja kutoka Ngazija akawasomesha wale ambao wao hawakutaka wasome. Ni kweli, babu zetu walinuna. Na ni nani leo anayejaa Riyadha, msikiti wake, wakati wa Maulidi? Nenda ukawahesabu wa Mkomani. Mtu wa kwetu alikuwa na pande mbili na tatu bila kuulizwa. Wewe umechagua ule upande wenye madai, upande wenye deni ukaniachia.

Ningekushauri uoe, uache kusoma usiku, ule chakula. Najua utasema nakwepa. Sikwepi. Sijuti kuuza, na wallahi ningeuza tena.

Hati za mauzo ninazo, pamoja na risiti za hospitali ya bibi yako na za shule yako. Ziko kwenye kasha lake. Njoo uzisome zote, kisha uandike unavyotaka. Mzee wa kanzu unamjua anapokaa, anza kwake kabla ya kuja kwangu. Nauli ya basi hadi Mokowe nitakutumia kwa M-Pesa. Boti jilipie.

Khalati yako