Mlima kwanza, kapeti baadaye

Mbeya

Mwalimu wangu mpendwa,

Kamwene! Huku hatujambo, mvua zinanyesha na mahindi yanatia moyo. Barua yako nimeipata. Hongereni kwa kupata chumba cha studio ya redio yenu mpya pale Ludewa mjini, ila uliponiuliza kapeti ya rangi gani inafaa ukutani kuzuia mwangwi nilicheka peke yangu. Kapeti itangoja. Niambie kwanza mnara mnausimika mlima gani.

Sisi wa Nyanda za Juu tumehangaika na milima tangu redio ianze. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza mwaka 1951 ilisikika Dar na viunga vyake tu. Ilipokuja mitambo ya masafa mafupi ndipo na sisi tukafikiwa, maana mawimbi yale hupanda juu angani yakarudi chini mbali, hayajali milima ya Rungwe wala Uporoto. Tatizo lake ni kuyumba: sauti inakuja, inazama, inarudi na mluzi. Baadaye RTD, yaani Redio Tanzania Dar es Salaam, ikajenga mitambo ya masafa ya kati mikoani, Mbeya ikiwemo, sauti ikatulia. Lakini mtambo wa mkoani kazi yake kubwa ilikuwa kuipokea Dar na kuirusha tena. Ya kwetu yalisubiri zamu.

Hata hivyo watu walisikiliza! Mwaka 1973, kwenye kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 nchi nzima walikaa vikundi vikundi kuzunguka redio, kipindi kikiisha wanajadili, kisha wanakwenda kuchimba vyoo. Nyumbani kwetu mzee alikuwa anaanika betri juu ya bati mchana kutwa ili zipate uhai wa taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Mtangazaji akifika kwenye "habari ziwafikie", hakuna mtoto aliyethubutu kukohoa. Mimi nasema bila kuficha: matangazo ya vifo ndiyo yaliyoifanya redio iheshimike vijijini kuliko hotuba zote. Yapeni saa maalumu, na yasisomwe na kijana anayecheka hewani.

Sasa turudi mlimani. Nyie mtarusha FM, na FM haipandi angani ikarudi. Inakwenda moja kwa moja, ikikutana na mlima imekwama. Hapa Mbeya minara ipo juu ya mlima Loleza, zaidi ya mita 2,600, na bado kuna mabonde nyuma ya milima ambako utasikia mikwaruzo tu. Kwenu ndiyo balaa zaidi. Mkisimika mnara mjini, Lupingu na Manda kule ufukweni hawatawapata, kwa sababu safu ya milima ya Livingstone imekaa katikati na Ziwa Nyasa liko chini kabisa, mita zisizofika 500 kutoka usawa wa bahari. Watu wa ufukweni wataendelea kusikiliza Malawi, nanyi mtajiita redio ya wilaya.

Usikubali fundi akwambie dawa ni kununua transimita kubwa. Ukiongeza nguvu mara mbili, umbali hauongezeki mara mbili, na mlima hautoboki hata kidogo. Pesa hiyo heri iende kwenye urefu wa mnara, mtambo mdogo wa kurushia upande wa ziwa, na eathi nzuri, ile nyaya ya kupeleka radi ardhini, maana radi za huko unazijua.

Leseni ombeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, mkiwa mmeshajua mnafika wapi, kwani huko wanatofautisha redio ya jamii, ya wilaya, ya mkoa na ya taifa. Lugha ni Kiswahili; Kipangwa mtakifaidi nje ya studio.

Vipindi sina wasiwasi navyo, mkiwa na mtu wa kupiga simu soko la Mwanjelwa hapa Mbeya alfajiri akaulizia bei ya mahindi na viazi, mkulima akaisikia kabla dalali hajafika na lumbesa yake. Muziki vijana wataujaza wenyewe.

Nitakuja huko barabara ikikauka. Nitafutie kijana mwenye pikipiki na redio ndogo ya mkononi, tushuke naye hadi Lupingu tukaangalie ni stesheni zipi zinaingia kule. Kamati isilipie nguzo hata moja kabla hatujarudi. Msalimie mama watoto, na umwambie ule ulezi aliouomba nimeshampa dereva wa basi.

Wako,
Fundi