Barua kwa mwanangu aliye Doha: ile karatasi uliyotia sahihi

Kariobangi South, Nairobi
Jumapili jioni, Oktoba 2025

Mwanangu,

Salamu nitazileta mwisho. Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu hutaki nimalize. Nikitaja ile karatasi tu, mtandao unaharibika. Kaka yako atazipiga picha kurasa hizi akutumie kwa WhatsApp. Zisome ukitoka zamu, ukishakula.

Ulimwandikia kaka yako ujumbe mrefu kuhusu pesa, na katikati ukatia mstari mmoja: kuna karatasi pia nilitia sahihi, lakini hiyo si kitu. Habari ya pesa nimeisoma mara moja nikaielewa. Mstari huo nimeurudia mpaka kaka yako akaninyang'anya simu. Ni karatasi gani hiyo? Iliandikwa Kiarabu kitupu, au kulikuwa na Kiingereza chini yake? Ulibaki na nakala?

Nianze na pesa, maana najua ndizo zinazokukosesha usingizi. Riyali 6,000 ulizompa yule kijana wa kwetu huko anitumie, akatoweka nazo. Riyali moja sasa inazidi kidogo shilingi 35, kwa hiyo ni zaidi ya laki mbili. Sanduku moja la shule ninalogonga, nikishatoa bati, bawaba, rangi na malipo ya kijana anayenisaidia, huniachia shilingi mia nne. Ni masanduku zaidi ya mia tano. Sikupigii hesabu hiyo ili nikuumize. Nataka ujue kwamba mimi nafahamu umesimama kwenye lango la watu saa kumi na mbili kwa siku kwa muda gani mpaka zikafika hizo. Kabla hujaondoka ulinieleza kwa furaha kwamba serikali ya huko imeweka kima cha chini, riyali 1,000 kwa mwezi, tangu 2021, na hakuna tajiri wa kukupunja. Tajiri hakukupunja. Amekuja mtoto wa kwetu akabeba ya miezi sita.

Na nikuulize, usinijibu kwa hasira: kwa nini ulimwambia kaka yako kwanza? Wiki tatu nzima mimi nasema na wewe, unaniuliza habari ya mama yako na presha yake, unacheka, na mzigo huo uko kifuani. Mimi ni nani nyumba hii?

Ninajua ulichoogopa. Mara nne za kwanza pesa ulizompa zilifika kwangu, na mara zote nne nilikuambia yule kijana ni mtu wa maana. Aliwahi kunipigia mwenyewe, mara mbili. Aliniita baba, akaniuliza kama mvua imenyesha nyumbani, na lugha yetu aliizungumza bila kuichanganya na kitu, kama mtu aliyelelewa na bibi. Mtu akiongea lugha ya mama yangu namna ile, mimi humfungulia mlango. Hata siku unaondoka, pale uwanja wa ndege, maneno yangu yalikuwa shikamana na watu wa nyumbani. Sikusema wachunguze.

Juzi Jumatano nilikwenda Kayole. Zile mara nne M-Pesa ilikuja kwa jina la mwanamke, na ujumbe bado ninao, sijafuta hata mmoja. Nilimtafuta kwa kuuliza maduka, na nilipomwona nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali. Ana kibanda cha kuuza kredi na vitafunio vya watoto. Si mke wa mtu yule wala dada yake. Alitoa daftari jeusi chini ya meza, akalowesha kidole, akafunua polepole. Kila mtu wa kutumiwa ana mstari: jina, kiasi, tarehe, na alama pembeni ikishatumwa. Jina langu nililikuta mara tano. Minne ina alama. Wa tano hauna kitu. Akaniambia, "Mzee, mimi hutumiwa kwanza ndipo nikatuma. Hiyo hakunitumia." Alisema kila elfu kumi alikuwa akibakishiwa mia moja, na tangu Agosti nambari ya yule kijana ni ile ile: mteja hapatikani. Nikamwomba nihesabu mistari isiyo na alama. Ni kumi na mmoja.

Kwa hiyo si wewe peke yako. Mama huyo alinipa nambari za baadhi ya jamaa, nikawapigia. Watatu hawakujua kabisa kwamba kuna pesa zilizotumwa. Watoto wao wamenyamaza, pengine wanakopa huko ili wazifidie kimyakimya. Wewe ulisema. Ulikawia, na ulimwambia asiyefaa kuambiwa kwanza, lakini ulisema, na hilo nimewaambia mafundi wenzangu wa Kamukunji bila kuona haya: binti yangu hakuficha.

Sasa tena ile karatasi. Anayetaka kula pesa yako hahitaji sahihi yako, mama. Anapokea noti mkononi anaondoka. Ukiona mtu anataka noti na anataka sahihi, na kopi ya kitambulisho cha Qatar mbele na nyuma, basi ana jambo la pili. Ulimwambia kaka yako eti alisema ni fomu ya kutuma pesa nyingi kwa pamoja. Wewe unayeandika ripoti ya zamu kila siku, kila gari na nambari yake, kila mgeni na saa aliyoingia, uliwekaje jina lako chini ya maandishi usiyoyajua? Hilo limeniuma kuliko riyali.

Jirani wa hapa nyuma, yule aliyekuwa Doha wakati wanajenga viwanja vya Kombe la Dunia la 2022, nilimweleza bila kutaja jina lako. Aliacha chai yake. Aliniambia sahihi na kitambulisho huko zinaweza kuwa mkopo, zinaweza kuwa simu ya bei kubwa ya kulipa polepole, zinaweza kuwa udhamini wa deni la mtu mwingine. Na deni likipelekwa mbele ya sheria, jina linaweza kuzuiwa kutoka nchini. Mtu anaaga wenzake, anafika uwanja wa Hamad na mizigo yake, anarudishwa kwenye dirisha la mwisho. Mkataba wako unaisha Mei. Mama yako ameshaanza kuhesabu miezi kwa vidole. Ninaogopa hilo dirisha.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye wiki hii. Nenda ubalozi wetu pale Doha siku ya mapumziko yako inayokuja, na kama siku hiyo wamefunga, badilishana zamu na mwenzako. Usianze na polisi peke yako. Najua unawaza kwamba utaulizwa kwa nini hukupitia duka la kubadilisha fedha lenye leseni, ukampa mtu wa mkononi. Utaulizwa, ndiyo. Waeleze ubalozini yote, hata hiyo, wakuelekeze, na ukienda kituoni uende na mtu anayejua Kiarabu. Halafu ingia benki unayopokelea mshahara, uliza kama kuna mkopo kwa jina lako. Jirani anasema kuna ofisi inaitwa Qatar Credit Bureau inayoweka kumbukumbu za mikopo, na mtu anaweza kuomba kuona yake. Uliza pia laini za simu zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako ni ngapi. Pasipoti ikae kwako. Hata kampuni yako sheria ya huko hairuhusu iishikilie, sembuse mtu wa chumba cha pili.

Na wenzako wanaosema yule kijana ameonekana Industrial Area ya huko Doha, waache waseme. Usiende. Usiende hata mkiwa watano. Mkipigana kule, mgeni ni mgeni, watawabeba wote na yeye atasimama pembeni.

Huku nimeandikisha kituoni, nimepewa nambari ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, nimeiandika nyuma ya kalenda. Wazazi wawili kati ya wale kumi na mmoja wamekubali twende pamoja Jumatatu mpaka wizara ya mambo ya nje, pale Harambee Avenue, tupeleke majina. Picha ya lile daftari ninayo.

Kuhusu bati. Unajua Januari iliyopita ilivyokuwa. Waliofanya KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, ya mwisho 2023 waliingia kidato cha kwanza Januari 2024, na mwaka uliofuata hapakuwa na wa kuingia, kwa mtaala mpya watoto wote walibaki gredi ya tisa. Masanduku yalikaa Kamukunji hadi rangi ikapauka. Sasa gredi ya kumi inaanza Januari 2026, na kila fundi anakimbilia bati kabla bei haijapanda. Ndiyo maana nilikuwa nikikupigia. Mama yako anasema ilikuwa kila siku wiki ile ya mwisho, mimi sikuhesabu. Uliniambia utangoja siku ya mapumziko uende dukani utume kwa njia ya kawaida, nikakujibu muuzaji wa bati hatangoja mapumziko ya mtu. Usiku huo huo ukampa yule kijana. Hayo nimeyaandika, tuendelee.

Bati nimepata. Muuzaji amenikopesha karatasi ishirini, nitamlipa nikiuza. Usitume kitu mpaka mwaka mpya. Na usikope huko kwa sababu ya kujaza hilo pengo, unanisikia? Usimkope msimamizi wako, usimkope mtu wa chama, na usitie sahihi popote, hata kwenye karatasi ya kuchangia harusi, kabla hujampigia picha kaka yako tukaisoma.

Utaona narudia sahihi, sahihi. Kuna sababu. Ule muhula uliokaa nyumbani ukiwa kidato cha pili, nilikuambia biashara imekufa. Haikuwa imekufa, mwaka ule niliuza vizuri. Nilikuwa mdhamini wa mtu kwenye sacco, mtu tuliyegonga bati naye shedi moja miaka tisa, na kila mchana tulikula sahani moja. Alihama usiku na nyundo zake. Wadhamini tulikuwa watatu, wakakata akiba zetu. Karani alinigeuzia fomu mezani nione, na sahihi yangu niliijua kabla sijasoma jina, kwa ule mkia wake unaopinda chini ya mstari. Nilikuwa nimeitia nikiwa nimesimama, nimeshika chai kwa mkono mwingine. Mama yako anajua. Nyinyi watoto hamkujua, na ulipouliza mara ya pili nilikugombeza. Hukustahili.

Mama yako hajambo. Kliniki wamempunguzia dawa moja, ila chumvi bado anaitia kwa siri. Maji yanakuja Alhamisi peke yake, tumenunua mtungi mwingine mkubwa. Paa la jikoni nililiziba mwenyewe kwa vipande vilivyobaki vya sanduku, halivuji tena ila likinyeshewa lina kelele. Kaka yako amepata kibarua cha kupaka rangi huko Umoja na anaamka mapema bila kuamshwa, jambo ambalo hatukulitarajia. Nyanya yako amekuuliza mara mbili, tumemwambia uko salama na kazi ni nyingi. Usimpigie mwezi huu, sauti yako ataijua. Lile blanketi lako la kijani mama yako amelifua, ameliweka ndani ya sanduku nililokutengenezea, na anataka kujua kama nguo zako za baridi aziache zilipo au azianike.

Wote wanakusalimu.

Stima inayumba na kaka yako anataka apige picha kukiwa bado na mwanga. Nijibu haya usiku huu huu, hata kama ni kwa neno moja moja: ile karatasi ilikuwa na mhuri? Juu yake kulikuwa na jina la benki au duka? Ulitia sahihi ukurasa mmoja, au alikufunulia na mwingine?

Baba yako