Barua ya wazi kwa mpwa wangu: usiing'oe injini ya Pijo la babu yako

Mpwa wangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba, na picha zote ulizonitumia nimezitazama. Nakujibu hadharani kwa sababu swali hili si lako peke yako: kuanzia Tanga hadi Mombasa, na kule Moshi na Nairobi, ziko nyumba ambazo uani kwake kuna Peugeot 404 lililokaa tangu mwenyewe alipofariki, warithi hawana moyo wa kuliuza kwa kilo, wala hawajui waanzie wapi kulifufua. Unaniuliza kama ukubali ushauri wa fundi wako wa kung'oa injini ya gari la babu yako na kuweka ya Toyota. Nakusihi usikubali, na nitakueleza sababu zangu kwa kirefu, kwa kuwa hatua hiyo ukishaichukua kuirudisha nyuma ni kazi ngumu.

Fundi amekwambia kuwa injini hizo zina tabia ya kuchemsha. Ni kweli kwamba nyingi zilichemsha, lakini si kwa sababu ni dhaifu. Gari hili lilianza kutengenezwa mwaka 1960, na mwaka 1963 likashinda mbio za East African Safari, kisha likashinda tena mwaka 1966, 1967 na 1968, enzi ambazo mbio zilipita Kenya, Uganda na Tanzania katika majira ya Pasaka, matope yakiwa yamejaa njiani. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, dereva aliyekuwa mkazi wa hapa hapa Tanzania. Na katika mbio za 1963 na za 1968 ni magari 7 tu yaliyofika mwisho. Injini inayochemsha kwa asili yake isingefika huko. Kilichoziua injini nyingi ni maji ya kisima yenye chumvi yaliyotiwa kwenye rejeta mwaka baada ya mwaka badala ya kulanti, yaani maji yenye dawa ya kuzuia kutu. Bloku yake, yaani mwili wa injini, ni ya chuma, na hedi yake, kifuniko cha juu, ni ya alumini, na metali hizo mbili zikilowekwa pamoja katika maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Kuna na jambo la pili ambalo mafundi wengi wa siku hizi hawalijui: feni yake haizunguki muda wote, bali hushikwa na sumaku ya umeme pale injini inapopata joto. Kaboni ndogo inayopeleka umeme kwenye sumaku hiyo ikiisha, au waya wake ukikatika, feni inabaki inajizungukia bila nguvu huku mshale wa joto ukipanda. Injini inalaumiwa kwa kosa la kipande kidogo ambacho kingebadilishwa kabla ya saa sita mchana.

Sasa tuje kwenye injini yenyewe, maana hapa ndipo penye hoja yangu kubwa. Ina ujazo wa sentimita 1,618 za ujazo, na imelazwa kwa nyuzi 45 kuelekea upande mmoja ili boneti iwe chini. Silinda zake hazikuchongwa moja kwa moja ndani ya bloku kama ilivyo katika injini nyingi. Kila silinda ni slivu inayojitegemea, imesimamishwa ndani ya bloku kama bilauri ndani ya beseni, maji yakiizunguka pande zote. Injini ya kawaida ikichakaa, inabidi bloku ipelekwe karakana ya kuchonga, silinda zipanuliwe, na utafute pistoni za saizi inayofuata. Hii ya babu yako unachomoa slivu nne zilizochakaa, unaingiza nne mpya pamoja na pistoni na ringi zake zilizokuja kwenye boksi moja, na kazi hiyo inafanyika nyumbani, chini ya paa lisilovuja, kwa spana za kawaida na subira. Seti hizo bado zinapatikana kwa wauzaji wa Ufaransa na Ujerumani. Utalipa usafirishaji na ushuru, lakini ukijumlisha gharama za injini nyingine na za kuifunga, utaona hujaonewa.

Kazi hiyo ina sehemu moja inayotaka uangalifu kuliko zote, na naiandika kwa kina kwa sababu ndipo wengi wanapoharibikiwa. Ukishaifungua hedi, usiizungushe krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, hata kidogo kabla ya kuzibana slivu. Chini ya kila slivu kuna gasketi nyembamba inayozuia maji yasishuke kwenye oili, na kinachoikandamiza ni hedi pekee. Hedi ikiwa imeondolewa, pistoni inayopanda huweza kuinyanyua slivu kidogo sana, hata usione kwa macho. Uchafu ukaingia chini yake, na siku utakapoiwasha injini utakuta oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Basi chukua vipande viwili vya bomba na washa (pete bapa za bolti) zilizo pana, uvifunge kwa bolti za hedi ili vizibane slivu mbili mbili. Unapoweka slivu mpya, kila moja lazima itokeze juu ya uso wa bloku kwa kimo kile kile kinachotajwa katika kitabu cha gari, na gasketi za chini zinauzwa kwa unene tofauti ili ukipate kimo hicho. Pima kwa rula ya chuma iliyonyooka na fila geji, yaani mabamba membamba ya kupimia nafasi ndogo, usikadirie kwa kidole. Rula hiyo hiyo ilaze juu ya hedi kwa urefu na kwa pembe, uone kama joto la zamani limeipinda. Ikiwa imepinda, hiyo ndiyo sehemu utakayoipeleka karakana ikasawazishwe. Kumbuka pia kwamba Peugeot huhesabu silinda namba moja kuanzia upande wa flaiwili, lile gurudumu zito lililo upande wa gia boksi, wala si upande wa feni. Fundi aliyezoea magari ya Kijapani atazifunga waya za plagi kinyume, kisha aape kuwa kabureta ni mbovu.

Haya, tuseme hunisikilizi na umeamua kuweka Toyota. Ingia chini ya gari uangalie kitakachofuata. Propela ya 404, yaani mhimili unaopeleka nguvu ya injini nyuma, haiko wazi. Imo ndani ya bomba nene la chuma linalotoka nyuma ya gia boksi hadi kwenye difu, lile kasha la gia lililo kati ya magurudumu ya nyuma. Bomba hilo si kifuniko tu. Ekseli ya nyuma ya salunu, gari la abiria lenye buti, kama la babu yako, inabebwa na springi za koili, ambazo haziwezi kuizuia isiende mbele wala nyuma, na kazi hiyo ya kuizuia inafanywa na bomba. Gia boksi ya Toyota haina pa kulifungia. Ukilikata, ekseli inabaki bila kishikizo, nawe utalazimika kubadilisha ekseli, kuchomelea mabano mapya sakafuni, kurekebisha breki na kutafuta namna ya kuhamisha gia iliyoko kwenye usukani. Kwa hakika utakuwa unatengeneza gari jipya lisilo na mwalimu wala kitabu, kwa fedha nyingi kuliko za slivu. Isitoshe, kadi ya gari ina namba ya injini, na mabadiliko hayo yatakutaka uende ukaisahihishe.

Nilitaka fedha zako zisiishie kwenye injini kwa sababu gari hilo lina ugonjwa mkubwa zaidi, nao ni kutu. Katika picha yako ya nne nimeona rangi imevimba chini ya mlango wa dereva. Hewa ya Tanga ina chumvi, na gari hili halina chesisi ya kujitegemea. Bodi ndiyo chesisi. Maboksi ya chuma yaliyo chini ya milango ndiyo yanayobeba uzito wa katikati, na yakioza, gari linaweza kupinda mgongo hata kama injini inaimba. Chukua nyundo ndogo ugonge taratibu kutoka mbele hadi nyuma: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya kufa. Panapokufa, sukuma bisibisi. Ikipenya, weka alama kwa chaki. Kagua vivyo hivyo sakafu chini ya mazulia, matundu ya kutolea maji kwenye vitako vya milango, na pale juu ndani ya boneti mbele ambapo shokapu zimefungiwa, kwa maana hapo gari zima limeegemea.

Mnyooshaji bodi atakushauri upake puti. Puti ni ya kusawazisha kibonyeo. Haibebi uzito wowote, na chini yake kutu inaendelea kula. Palipooza hukatwa hadi chuma kizima kionekane, kisha kipande kipya cha unene ule ule kinachomelewa. Gari liwe limekaa sawa juu ya stendi nne na milango ikiwa mahali pake, ili nafasi kati ya mlango na bodi zikuoneshe mapema kama linaanza kupinda. Fanyeni upande mmoja, mmalize, ndipo mhamie wa pili. Kabla ya moto wa kuchomelea, tangi la petroli litolewe kabisa na betri itenganishwe. Ndani ya maboksi mapya pulizia nta ya kuzuia kutu, kwa sababu rangi ya nje haifiki huko. Rangi ya kung'aa ndiyo kazi ya mwisho, ingawa najua ndiyo unayoiwazia.

Breki nitazieleza tukikutana. Kwa sasa usipulize vumbi la ngoma zake kwa upepo, kwani shuu za zamani zilikuwa na asbestosi. Lilowanishe kwa maji na ulifute kwa tambara. Difu nalo lina gurudumu la meno la bronzi, na oili nyingine za gia zina salfa inayoila bronzi, kwa hiyo usikubali litiwe chochote kabla sijakuletea oili yake.

Wiki hii fanya mambo mawili tu. Toa plagi zote nne, tia ndani ya kila silinda kijiko cha oili iliyochanganywa na dizeli, uache kwa siku kadhaa, kisha utie gia ya juu na usukume gari polepole mbele na nyuma huku plagi zikiwa nje. Ikizunguka, niambie. Isipozunguka, usilazimishe, ongeza oili na usubiri. La pili, maliza kugonga bodi na unitumie picha za kila ulipoweka chaki. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, na mdogo wako umkataze pia. Nitashuka Tanga baada ya Idi nikiwa na rula, fila geji na vibanio vya slivu, na hedi tutaifungua pamoja.

Wasalimie wote nyumbani, hasa mama yako.

Mjomba wako,
Morogoro