Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Hesabu zilizokaguliwa mnazo mikononi na Mweka Hazina atazipitia, kwa hiyo sitazirudia. Nitajibu swali ambalo wengi wenu mmeniuliza mwaka mzima: Benki Kuu inatangaza riba ya asilimia 6, mbona benki mtaani zinatukopesha kwa 15 na zaidi?

Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania iliacha kutumia ujazi wa fedha (jumla ya fedha zilizo kwenye uchumi) kama kipimo chake kikuu, ikaanza kutangaza Riba ya Benki Kuu. Ilianza na asilimia 5.5, Aprili ikapanda hadi 6, na haikuguswa tena mwaka huo wa 2024. Hiyo si bei ya mkopo wa mfanyabiashara. Inaelekeza riba ambayo benki zinakopeshana zenyewe kwa siku 7, na ilipokuwa asilimia 6, Benki Kuu ilitaka riba hiyo ya benki icheze kati ya asilimia 4 na 8. Ikishafika kwako, benki imeongeza gharama zake, faida yake na hofu kwamba hutalipa. Tena Serikali nayo inakopa kupitia hatifungani (hati za mkopo wa muda mrefu), na haina historia ya kukimbia na mzigo. Benki ikukopeshe wewe kwa bei chee kwa sababu gani? Riba ya chama hatukuipandisha, maana tunakopeshana akiba zetu wenyewe.

Mfumuko wa bei ulikaa karibu na asilimia 3. Sina ugomvi na takwimu hiyo, ila anayeagiza mzigo Guangzhou hakuuona huo utulivu. Kilichomuumiza ni dola, kwanza kwa kutopatikana, halafu kwa bei.

Oktoba dola moja ilipita shilingi 2,700, na hapo ndipo tulipovutana. Baadhi yenu mlitaka sehemu ya akiba ya chama ibadilishwe iwe dola kabla shilingi haijaanguka zaidi. Bodi ilikataa, na maneno tuliyoambiwa siku ile hayafai kuandikwa humu. Kufikia mwisho wa Desemba dola ilikuwa chini ya 2,450: fedha za korosho, utalii na dhahabu ziliingia kwa msimu, na Benki Kuu iliuza dola sokoni. Walionunua kwa bei ya Oktoba wanajua walichopoteza. Lakini bodi isipewe sifa ya utabiri. Hata shilingi ingeendelea kushuka tungekataa vilevile, kwa kuwa mwanachama anaweka shilingi, anakopa shilingi na anarejesha shilingi. Kuiweka akiba yake kwenye dola ni kumchezea kamari bila ridhaa yake.

Jambo la mwisho ni kodi za fremu. Kanuni zilizoanza kutumika tarehe 28 Machi 2025 zinakataza kutangaza au kudai bei kwa fedha za kigeni hapa nchini. Mikataba iliyokuwepo kabla iliruhusiwa kuendelea, lakini si zaidi ya mwaka mmoja tangu tarehe hiyo. Wapo wenye nyumba wanaobadili dola kuwa shilingi kwa kiwango wanachokijua wao. Mwenye mkataba wa namna hiyo alete nakala kwa Katibu kabla hajasaini mpya, tuzungumze nao kwa pamoja.

Mwenyekiti