Marvel: tunaanza na Iron Man

Wakuu, habari za jioni. Filamu za mashujaa za Marvel, zile zenye hadithi moja inayoendelea, tutazitazama kwa kufuata mwaka zilipotoka, siyo kwa miaka ya hadithi yenyewe. Kwa hiyo ya kwanza ni Iron Man ya 2008.

Najua wapo wanaotaka tuanze na Captain America: The First Avenger kwa kuwa inasimulia Vita Vikuu vya Pili. Hiyo sina ugomvi nayo sana. Kimbembe ni Captain Marvel: hadithi yake ni ya 1995, lakini ilitoka 2019, katikati ya filamu mbili za Avengers, Infinity War na Endgame. Kile kipande kinachokuja majina ya waigizaji yakianza kupita mwishoni kinatokea baada ya Infinity War, sasa ukikiona mwanzoni, uhondo wote kwisha! Black Widow ya 2021 ni hivyohivyo: inarudi nyuma hadi baada ya Captain America: Civil War, halafu mwishoni inamwaga siri ya Endgame.

Msizime majina yanapopita. Kwenye Iron Man, Nick Fury, mkuu wa shirika la kijasusi, anatokea majina yakishaisha.

Mpangilio wa miaka ya hadithi tuuache kwa mzunguko wa pili. Na mlioziona zote, jamani, midomo ifungwe.