Kabla hamjapiga kura ya uwanja: barua ya wazi kwa vijana wetu wa Kansas City

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mliokulia kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma na Dzaleka, mkala kiapo cha uraia, na leo mnaishi Kansas City, upande wa Missouri. Timu ya besiboli ya Royals na serikali za huku zimevutana kwa miaka juu ya nani alipie uwanja mpya. Kila jambo hili linapozuka, vijana huuliza: tupige ndiyo au hapana? Swali hilo linawahi mno. Kwanza ulizeni mkataba uko wapi, na nani ameusoma.

Kumbukeni tarehe 2 Aprili 2024. Wapiga kura wa Jackson County, kaunti yenye sehemu kubwa ya Kansas City, waliulizwa kama wanakubali kodi ya mauzo ya sehemu tatu kati ya nane za senti moja kwa kila dola, kwa miaka 40, fedha ziwaendee Royals na Chiefs, timu ya futiboli ya Kimarekani. Takriban asilimia 58 walikataa. Miongoni mwao walikuwamo wapenzi wa timu hizohizo. Mahali pa uwanja, mtaa wa Crossroads, palitangazwa Februari, wiki saba tu kabla ya kura. Kisha, kura ikiwa imekaribia, mpango ukabadilishwa ili Mtaa wa Oak usifungwe. Mkataba wa pango ulikuwa haujatiwa saini. Watu waliombwa kodi ya miaka 40 huku masharti yakiwa bado yanajadiliwa.

Aliyekuwa mkuu wa kaunti wakati huo, Frank White, aliichezea Royals kwenye besi ya pili na ana tuzo nane za Gold Glove, zinazotolewa kwa wachezaji bora wa ulinzi. Januari ile alitumia kura yake ya turufu kuzuia swali lisiende kwa wananchi, na baraza la kaunti likaipindua. Nawakumbusha hilo kwa sababu mtaambiwa kwamba anayehoji hesabu haipendi timu. Msikubali.

Sasa shikeni risiti ya duka. Chini ya unga, mchele, mafuta na nepi kuna mstari wa kodi. Ndani ya mstari huo, kwa kila dola 100, senti 37 na nusu zimekuwa zikienda kwenye viwanja viwili vya Truman Sports Complex, cha Royals na cha Chiefs, kwa kura iliyopita mwaka 2006 na inayofikia mwisho 2031. Missouri hutoza kodi za kaunti na jiji hata kwenye chakula cha dukani. Nyumba inayotumia dola 800 kwa mwezi kwa vitu vinavyotozwa kodi hulipa dola 3, yaani dola 36 kwa mwaka. Si fedha ya kumvunja mtu mgongo, nami sitawadanganya kwamba ndiyo inayowamalizia mshahara. Lakini kwa kaunti nzima ni zaidi ya dola milioni 50 kwa mwaka, na kwa miaka 40 ni zaidi ya bilioni 2. Anayesafisha hoteli hulipa senti zilezile kwa gunia la mchele kama anayeimiliki hoteli. Na asiye raia, asiyeruhusiwa kupiga kura, naye hulipa.

Kodi hiyo ndiyo hulipia hatifungani, yaani hati za mkopo. Kaunti huuza hatifungani, hupokea fedha leo, kisha hulipa pamoja na riba kwa miaka 30 au zaidi. Hapa ndipo watu wengi hudanganyika, kwa sababu gazeti huandika bei ya uwanja, haliandiki bei ya deni. Miami ni funzo. Uwanja wa Marlins, timu ya besiboli ya huko, ulikubaliwa 2009 ukafunguliwa 2012. Sehemu moja ya deni la Miami-Dade County, takriban dola milioni 91, ilipangwa ianze kulipwa miaka mingi baadaye, na hadi iishe itakuwa imegharimu karibu dola bilioni 1.2. Hakuna miujiza hapo. Miaka ya mwanzo hakulipwi kitu, na riba huzaa riba. Dola 100 kwa riba ya asilimia 7 huwa karibu 200 baada ya miaka kumi, na karibu 1,500 baada ya miaka 40. Kwa hiyo mtu akiwaambia kaunti inachangia milioni kadhaa, mwombeni jedwali la malipo la mwaka hadi mwaka, kuanzia dola ya kwanza hadi ya mwisho. Meya wa kaunti ile, Carlos Alvarez, aling'olewa na wapiga kura Machi 2011 kwa asilimia 88. Deni halikung'oka naye.

Miami ina funzo la pili. Mkataba uliipa serikali asilimia 5 ya faida endapo timu ingeuzwa ndani ya miaka kadhaa. Timu ikauzwa 2017 kwa dola bilioni 1.2. Mmiliki alipokwisha kutoa madeni, kodi na gharama, hesabu zake zikaonyesha hakuna faida ya kugawana. Ikawa kesi, ikaishia kwenye mapatano. Neno "faida" ndilo lililoponza. Mkiona neno hilo kwenye mkataba, tafuteni ukurasa wa tafsiri za maneno, msome faida inahesabiwaje na nani. Afadhali asilimia ndogo ya bei ya kuuzia kuliko asilimia kubwa ya faida, maana bei ya kuuzia hujulikana na kila mtu siku ya mauzo.

Mtajiuliza kwa nini timu hulipa pango dogo hivyo katika uwanja wa mamia ya milioni. Sababu moja imo katika sheria ya kodi ya serikali kuu ya mwaka 1986. Serikali ya mtaa ikitaka riba ya hatifungani zake isitozwe kodi, na uwanja unatumiwa zaidi na timu binafsi, basi malipo yanayotokana na uwanja huo, pango likiwamo, yasizidi asilimia 10 ya kulipia deni. Waliotunga sheria walidhani miji ingekataa kujenga kwa masharti hayo. Miji ikafanya kinyume: ikapunguza pango, ikabeba deni kwa kodi ya mauzo au ya vyumba vya hoteli. Kwa hiyo afisa akisema pango haliwezi kupanda, huenda anasema kweli. Mwulizeni basi: hatifungani zinazotozwa kodi zingegharimu kiasi gani zaidi, na pango lingekuwa kiasi gani? Hesabu hiyo inafanyika, na mna haki ya kuiona.

Twende kwenye hali ya jengo. Royals wamesema zege la Kauffman Stadium, uwanja uliofunguliwa 1973, lina ugonjwa ambao wahandisi huuita mmenyuko wa alkali na silika. Alkali ya saruji hukutana na aina fulani za mawe ndani ya zege, hufanyika kitu kama gundi kinachovuta maji na kuvimba, na zege hupasuka kutoka ndani. Nyufa zake mara nyingi hufanana na ramani au tope lililokauka. Ni ugonjwa wa kweli, na dawa yake ni ghali. Lakini nyufa hutokana na mambo mengi, na jicho peke yake halitoshi. Mhandisi asiyelipwa na timu achoronge vipande vya zege sehemu mbalimbali za jengo, vichunguzwe kwa darubini, kisha ripoti iseme ni sehemu gani imeathirika, kwa kiasi gani, na kuzuia maji yasiingie kutarefusha maisha ya jengo kwa miaka mingapi. Bila ripoti hiyo hamwezi kulinganisha kukarabati na kujenga upya.

Na jengo likishakuwa la umma, bima ni ya nani? St. Petersburg, Florida, jiji ndilo mwenye Tropicana Field, uwanja wa timu ya besiboli ya Tampa Bay Rays uliofunguliwa 1990. Julai 2024 jiji na Pinellas County walikubali kuchangia uwanja mpya wa dola bilioni 1.3: jiji milioni 287.5, kaunti milioni 312.5, timu ibebe zilizobaki na gharama zikizidi. Usiku wa tarehe 9 Oktoba, kimbunga Milton kikalichana paa. Lilikuwa la turubai la nyuzi za kioo, lililojengwa kuhimili upepo wa kilomita 185 kwa saa. Vipande 18 kati ya 24 vilikwenda. Chini yake, uwanjani, vilikuwa vimepangwa safu kwa safu vitanda vya kukunja vya watu wa uokoaji, ambao kwa bahati walikuwa wameondolewa kabla. Makadirio ya matengenezo yakawa dola milioni 55.7. Ndipo ikajulikana kwamba mapema mwaka huo jiji lilikuwa limepunguza bima kutoka dola milioni 100 hadi 25, tena milioni 22 za kwanza zikiwa juu ya jiji lenyewe, ili kuokoa ada ya dola 275,000.

Baada ya hapo makamishna wa kaunti wakaahirisha kura ya hatifungani. Timu ikasema ucheleweshaji umeongeza gharama, kaunti ikazipitisha Desemba, na tarehe 13 Machi 2025 mmiliki wa timu akatangaza kujitoa katika mpango wa uwanja mpya. Msimu mzima wa 2025 Rays wakacheza Tampa, katika uwanja wa watu kama 11,000. Wengine hulaumu timu, wengine kaunti. Mimi natazama mkataba: uliruhusu upande mmoja kutoka kabla ya tarehe ya mwisho bila kulipa cha maana. Ulizeni faini ya kujitoa ni kiasi gani.

Tropicana Field ulijengwa mahali palipokuwa mtaa wa watu weusi ulioitwa Gas Plant. Nyumba na makanisa yalibomolewa, wenyeji wakiahidiwa viwanda na ajira, kisha kikaja uwanja wa michezo. Ahadi ni deni, ila mahakamani deni ni lile lililoandikwa. Wakiwaahidi nyumba za bei nafuu au kazi kwa wakazi, itakiwe idadi, tarehe, mkaguzi, na kiasi kitakacholipwa ahadi isipotimia. Ajira nyingi za uwanjani ni za siku za mechi, na timu ya besiboli hucheza nyumbani mechi 81 kati ya siku 365. Wachumi waliochunguza viwanja hivi kwa miongo mingi wanakaribia kukubaliana: fedha ambayo familia inatumia uwanjani, mara nyingi ni ileile ambayo ingeitumia kwenye mgahawa au sinema mjini humo.

Tazameni pia kifungu cha ubora. St. Louis, jirani zenu, waliwaahidi Rams wa futiboli kwamba dome lao, uwanja wenye paa, litabaki katika robo ya juu ya viwanja vyote vya ligi. Lilifunguliwa 1995. Kubaki katika robo ya juu kulihitaji mamia ya milioni tena, serikali ikashindwa, mkataba ukawa wa mwaka mmoja mmoja, na timu ikaondoka 2016. Kifungu kama hicho huandikwa kwa mistari miwili tu, kwa hiyo kitafuteni.

Vitisho vya kuhama msivipuuze, wala msivitetemekee. Oakland waliwapoteza A's, timu yao ya besiboli, waliocheza mechi yao ya mwisho Coliseum Septemba 2024, baada ya Nevada kutenga hadi dola milioni 380 kwa ajili ya Las Vegas. Na hapa kwenu Chiefs walitangaza Desemba 2025 kwamba wanavuka kwenda Kansas. Kukataa kuna gharama yake, nami siwafichi. Lakini wapiga kura wa San Francisco na miji jirani walikataa mara nne, kati ya 1987 na 1992, kuijengea uwanja timu ya besiboli ya Giants. Baadaye timu ikajenga uwanja wake, ukafunguliwa 2000, sehemu kubwa kwa fedha binafsi, na bado ipo.

Sasa ya utaratibu. Mwenye green card, yaani mkazi wa kudumu asiye raia, asipige kura kamwe, hata akishawishiwa na mtu mwenye fomu dukani. Anaweza kufukuzwa nchini. Lakini anaweza kuzungumza kwenye kikao cha wazi kama mtu mwingine yeyote. Raia ajiandikishe kabla ya Jumatano ya nne kabla ya siku ya uchaguzi, na aende na kitambulisho chenye picha. Angalieni mnaishi kaunti gani: Kansas City imeenea kaunti kadhaa, na aliyekaa kaskazini ya mto Missouri, Clay au Platte, hakuulizwa lolote 2024.

Kwenye kikao mtapewa dakika mbili au tatu tu. Jiandikisheni mapema, ombeni mkalimani wa Kiswahili siku kadhaa kabla, na msiende wote na hotuba moja. Gawaneni: mmoja aulize jedwali la deni, mwingine bima, mwingine ripoti ya zege, mwingine gharama zikizidi. Someni maswali kwenye karatasi, taratibu, na mwache nakala kwa karani ili iingie kwenye kumbukumbu. Mbunge wa kaunti akijibu "bado tunajadiliana", atakayefuata kwenye foleni amwulize kura imepangwa tarehe gani, na mkataba wenye saini utawekwa hadharani siku ngapi kabla ya tarehe hiyo.

Mimi mzee wenu