Mama, yule si mbwa

Bristol, 11 Mei

Mama wangu, jambo sana.

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na yaya, ndugu yangu mkubwa, na watoto wote pale Himbi, mtaa wetu wa Goma. Nimempa jamaa anayepitia Kigali. Ujumbe wako wa sauti wa Jumapili niliusikiliza mara mbili. Uliuliza nafanya nini usiku na "mbwa mwekundu" wa kwenye picha. Kwa simu nisingeweza kukueleza yote, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Yule ni mbweha, Mama. Rangi yake ni ya bati lililoshika kutu, miguu myeusi kama amevaa soksi, ncha ya mkia nyeupe. Uzito wake ni kilo tano au sita tu. Hapa wanaishi humu humu mjini, chini ya vibanda vya bustani na kando ya reli. Katika hadithi zao, Wazungu wamempa ujanja ule sisi tuliompa sungura. Mimi sijamwona mjanja. Namwona mwangalifu.

Unajua kwamba kwa wazee ninaowahudumia natoka usiku. Mwezi wa kwanza nilisikia mwanamke akipiga kelele nyuma ya nyumba, nikashika simu niite polisi. Kumbe ni mbweha. Huo ndio msimu wao wa kutafutana. Tangu siku ile nikawa nakaa kwenye ngazi za jikoni na koti langu, namsubiri. Wiki tatu nzima sikutoa kamera hata mara moja. Nilimkumbuka Baba. Mteja akiingia studio yake ya picha, Baba alianza kumuuliza habari za mvua na bei ya makaa, mpaka mabega ya mtu yashuke yenyewe. Ndipo alipobonyeza. Kwa mbweha nimeona kwamba unaangalia masikio. Yakilala nyuma, unatulia, huthubutu hata kukohoa.

Kamera nilipoileta, ule mlio wake mdogo ulimrusha ukutani. Basi nikaanza kuibonyeza nikiwa ndani, dirisha wazi, bila kupiga picha yoyote, usiku baada ya usiku, azoee sauti tu. Siku ya kumi na mbili aliendelea kunusa majani. Sikio moja tu ndilo liligeuka. Taa ya kamera siiwashi kabisa, kwa sababu macho yake yameumbwa kwa giza. Picha ulizoziona nilizipiga alfajiri, siku nisizokwenda kazini, nimelala kifudifudi kwenye umande ili nimtazame usawa wa macho.

Lakini kuna kosa nililifanya, na linaniuma. Mwezi wa pili, usiku wa baridi kali, nilimnyooshea ngozi ya kuku kwa mkono. Alikuja tumbo likikaribia kugusa ardhi, akaichukua polepole kwa meno ya mbele. Pua yake ilinigusa kidole, baridi, yenye maji. Nilifurahi sana, Mama. Nikarudia siku nne. Siku ya tano alikwenda kwenye mlango wa jirani, akakaa pale akingoja mkono, na mle ndani kuna mtoto mchanga. Jirani alitoka na fagio akampiga mgongoni. Simlaumu, ningekuwa na mtoto ningefanya vilevile. Ni mimi niliyemfundisha kwamba binadamu wote wana mkono kama wangu. Siku tisa hakuonekana. Aliporudi alisimama mbali kuliko usiku wa kwanza.

Tangu hapo sinyooshi mkono. Natawanya vipande vichache kwenye majani, leo hapa, kesho pale, si kila siku, kisha naingia ndani. Akinisogelea mno napiga makofi mpaka akimbie. Inauma kumfukuza unayempenda, lakini nataka aendelee kuwaogopa watu.

Uliuliza kama hana kichaa cha mbwa. Uingereza ilikimaliza mwaka 1922, usiogope. Ninachoogopa mimi ni upele. Mwaka 1994 uliingia hapa Bristol, na katika miaka miwili ukaua zaidi ya mbweha 95 katika kila 100 wa mji huu. Upele huo unaambukiza hata mbwa na watu. Kwa hiyo kila akigeuka namwangalia shina la mkia kwanza, kama manyoya bado yapo. Yapo.

Na sasa ana watoto wanne! Wamezaliwa chini ya kibanda cha mbao, hatua kumi kutoka kitandani kwangu. Mwishoni mwa Aprili walipotoka walikuwa weusi-weusi kama kahawa, na mmoja macho yake bado yalikuwa ya bluu. Sasa yote yamegeuka rangi ya asali.

Ukiniuliza mbona napiga picha nyingi hivi, nitakwambia ni kwa ajili ya studio. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya tarehe 17 Januari 2002 iliondoka na nyuso zote ambazo Baba alizipiga, na yeye mwenyewe tumebaki na picha moja tu, yenye ukungu, aliyopigwa na mteja. Mbweha wa mjini wengi hawamalizi miaka miwili. Huyu sitaki aende bila picha.

Nimetuma picha saba kwenye simu ya yaya, afungue mtandao ukiwa mzuri. Katika ile ya nne, mtoto mmoja ameingiza kichwa chote ndani ya kiatu changu cha kazi nilichokisahau nje. Mama yao nimemwita Sifa. Usikasirike kwamba nimempa mnyama jina la watu. Hao wanne, watoto wa yaya ndio watawachagulia majina, wanitumie kwa sauti. Ile ya pili naomba ichapishwe, uiweke karibu na ya Baba.

Aksanti kwa sambaza kavu, zile samaki ndogo za ziwa letu, ulizonitumia. Zimebaki mbili.

Mwanao